Metali za uchawi: namna ya kuzitungia kanuni zisizovuja

Mwongozo huu ni wa mtu anayetunga hadithi ya kubuni, au mchezo wa mezani, ambamo chuma, shaba au fedha vina nguvu isiyo ya kawaida. Mifano yote imewekwa kwenye kisiwa kimoja cha kutunga, tukiite Maweni, kinachofanana na Unguja na Pemba kwa bahari, kwa pepo na kwa mawe yake. Kanuni za uchawi ni za kubuni. Viwango vya joto, uzito na michanganyiko ni vya kweli, na hivyo ndivyo vinavyomfanya msomaji akubali yale mengine.

Vitu vya kuwa navyo: daftari, mizani ya jikoni inayopima gramu, simu ya kuhesabia sekunde, uzi wa kushonea, mwiko, na vipande vitano au sita vya metali tofauti. Kijiko cha chuma, kikuku cha shaba, mfuniko wa sufuria ya alumini, chubwi la mshipi wa kuvulia na pete ya fedha vinatosha. Ukipata na upatu, ile sahani ya metali inayogongwa kwenye ngoma, azima.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza

Watunzi wengi huanzia kwenye nguvu ("huyu anaruka, huyu anaona usiku") kisha wanatafuta metali ya kuibandika. Matokeo yake ni orodha ambayo hata ukibadilisha shaba ikawa embe, hadithi haitikisiki. Anza na metali yenyewe.

Funga kila kipande kwa uzi wa kama nusu mita, kining'inie hewani bila kugusa ukuta wala nguo. Subiri kitulie. Kigonge mara moja kwa mpini wa mwiko. Usitumie kijiko chengine kugongea, kwani utakuwa unasikiliza sauti mbili. Hesabu sekunde mpaka sauti ipotee kabisa, uandike. Rudia mara tatu kwa kila kipande.

Chubwi litasema "tu" na limekwisha, kwa sababu risasi ni laini na inameza mtikisiko wake yenyewe. Mfuniko wa sufuria utalia kiasi. Kikuku cha shaba kikiwa kimefungwa vizuri kitatoa mlio mfupi. Upatu ndio utakaokushangaza: unaweza kudhani umenyamaza, ukausogelea, ukakuta bado unavuma. Sasa ugonge tena, kisha uushike kwa kiganja. Unakufa papo hapo.

Hapo tayari una kanuni, na inaingia kwenye sentensi moja: nguvu ya metali ipo kadiri inavyolia, ikinyamaza imekwisha. Huo mlio tuuite mvumo, na mtu anayeweza kuuamsha, Maweni wanasema "ana mkono".

Kabla ya kuongeza chochote, kaa na sentensi hiyo nusu saa uone inakupa nini bure. Adui hahitaji upanga; anahitaji kiganja. Mwenye mkono hawezi kushika silaha yake moja kwa moja, lazima ining'inie kwa ugwe, kwa hiyo utamjua barabarani kwa anavyotembea. Nguo nene, mvua ya masika na msongamano wa sokoni ni hatari kwake. Wizi unafanywa kwa pamba. Yote haya hukuyatunga, yametoka kwenye uzi na mwiko.

Neno moja kuhusu uchawi wenyewe. Hadithi ikiwa ya visiwa hivi, msomaji ataleta hirizi, pete na waganga bila kuitwa. Usichukue aya za dini au dawa za kweli za watu ukazifanya kanuni za mchezo. Tunga maneno yako. Na Pemba imechoka kuandikwa kama kisiwa cha wachawi tu. Kipe kisiwa mafundi, mizani na madaftari ya hesabu, hadithi itakuwa mpya bila kujitahidi.

Hatua ya 2: Kazi moja, ila moja

Kila metali ipewe kazi moja inayotokana na tabia yake ya kweli, na ila moja, yaani kasoro, inayotokana na tabia hiyo hiyo. Ila ikitoka mahali pengine inaonekana kama adhabu ya mtunzi. Metali sita au saba zinatosha. Zikifika kumi na mbili utaanza kuzisahau mwenyewe.

Chuma kinavuta. Sumaku inajulikana na kila mtoto wa skuli, na bahari yetu ina hekaya yake: mabaharia wa zamani walisimulia juu ya majabali ya sumaku yanayong'oa misumari kwenye vyombo. Watu wengine walitumia hekaya hiyo kueleza kwa nini mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu, ulishonwa kwa kamba za usumba na vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Kwa mtunzi hiyo ni zawadi: Maweni wana vyombo vya aina mbili, vya kushonwa na vya misumari, na mwenye mkono wa chuma anaweza kuzamisha vya misumari tu.

Ila ya chuma ni kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi inaharakisha kutu. Dirisha la nondo linaloelekea bahari linaliwa kabla ya lile la nyuma ya nyumba. Kutu halivumi. Basi chuma cha uchawi Maweni lazima kipakwe mafuta kila siku, na mafuta yaliyopo ni sifa, yale ya papa yanayopakwa mbao za vyombo. Aliyewahi kupita karibu na chombo kilichopakwa sifa anajua harufu yake. Mwenye mkono wa chuma ananukia kutoka hatua kumi, na hawezi kujificha mpaka aamue kuacha silaha yake ioze.

Kuna na mlango wa pili wa kumshinda. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, kikiwa chekundu cha kung'aa, hakivutwi tena na sumaku. Andika hivyo hivyo: chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu hakina mvumo. Hakuna haja ya laana wala dawa, jiko la makaa lenye mivukuto linatosha.

Shaba inapitisha. Inapitisha joto na umeme kuliko karibu kila metali unayoijua, kwa hiyo kwenye hadithi ipitishe sauti au fikra kati ya watu wawili walioshika waya mmoja. Ila yake ni kwamba inapitisha kwenda na kurudi. Anayesikiliza anasikilizwa. Shaba nayo hufanya kutu la kijani kwenye hewa ya chumvi. Huondoka kwa ndimu au ukwaju na mchanga laini, kwa kuwa asidi huliyeyusha lile tabaka la juu. Jasusi wa Maweni basi ana vidole vyenye harufu ya ukwaju. Urefu wa waya uuwekee bei: mita mia za waya mwembamba ni mzigo, na mtu lazima autandaze usiku bila kuonekana.

Bati linazuia. Sufuria za shaba hutiwa bati ndani ili chakula kisiguse shaba, kwa hiyo bati la Maweni huzuia mvumo usivuje kutoka kitu kimoja kwenda chengine. Ila yake ni tamu kuliko zote. Kipande cha bati safi ukikikunja hulia, mkwaruzo unaosikika wazi, na ni fuwele za ndani zinazohama. Kwa hiyo ngao ya bati huita kila inapopindika. Na linayeyuka kwa nyuzi 232 tu. Mlinzi mwenye kifua cha bati hapiti karibu na tanuri la mikate.

Risasi inanyamazisha. Funga kipande cha risasi juu ya upatu, umekwisha. Ni nzito, mara kumi na moja na ushei ya maji, na ina sumu inayojikusanya mwilini na kuharibu akili na mishipa ya fahamu. Basi wale wanaotumwa kuwanyamazisha wenye mkono wafanye kazi miaka michache, kisha mikono ianze kutetemeka na majina ya watoto wao yawapotee. Jihadhari na neno lenyewe: ukiandika "alimtupia risasi" msomaji ataona bunduki. Andika chubwi, au timazi, au sahani ya risasi.

Fedha inafunga ahadi, na hapa pana utajiri wa kukaa nao.

Mwaka 1984 watafiti wa mambo ya kale walifukua Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ndogo ndogo za fedha. Sarafu za namna hiyo za pwani yetu zina jambo la pekee: upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande mbili hizo zinakwenda kwa vina. Shairi limegawanywa na unene wa sarafu. Huwezi kuzisoma pande mbili kwa mara moja. Ukisoma moja, ya pili iko kiganjani.

Kwa Maweni tunachukua umbo hilo tu, si maneno. Kiapo cha fedha ni mistari miwili, mmoja kila upande, yenye kina kimoja na mizani nane kila mstari. Lugha imeshatusaidia: mizani ya mshairi na mizani ya sonara ni neno moja. Mfano:

Nimesema mbele yako
fedha ni ulimi wako

Hesabu: ni-me-se-ma-mbe-le-ya-ko, nane. Fe-dha-ni-u-li-mi-wa-ko, nane. Kiapo kimefunga. Mwanagenzi akichora "fedha hii ni ulimi wako" mizani inakuwa kumi, na kiapo kinavuja: aliyeapa anabanwa kwa muda, kisha anajikuta anaweza kuzungukia pembeni. Mkataba mbovu basi unagunduliwa kwa kuhesabu vidole, na msomaji anayejua ushairi ataligundua kosa kabla ya mhusika. Ila ya fedha ni kupata weusi inapokutana na salfa, hata ya yai. Ahadi iliyopata weusi haijavunjika, lakini haisomeki mpaka isuguliwe, na kila kusugua kunakula herufi.

Dhahabu inakumbuka kwa sababu haipati kutu. Lakini dhahabu tupu ni laini, ndiyo maana masonara huichanganya: karati 22 ni asilimia 91.7 ya dhahabu, karati 18 ni asilimia 75. Kanuni: dhahabu tupu inajua kila kitu lakini haisemi. Ukiichanganya na shaba inapata sauti, na kila karati unayoshusha inasema zaidi na kukumbuka kidogo. Ila: kosa lililoandikwa kwenye dhahabu halifutiki ila kwa kuyeyusha, na ukiyeyusha mikufu miwili pamoja, kumbukumbu za familia mbili zinakuwa bonge moja. Magomvi ya mirathi yanajiandika yenyewe.

Zebaki inaiba. Inaishika dhahabu na kuimeza, na mvuke wake ni sumu. Mwizi mmoja, tukio moja, basi, ukiirudia inachosha.

Hatua ya 3: Changanya kwa vipimo

Upatu mzuri wa kulia ni shaba iliyotiwa bati nyingi, kama gramu 78 za shaba kwa gramu 22 za bati katika kila gramu 100. Silaha na vyombo vya kazi huhitaji bati kidogo, kama gramu 10 hadi 12 katika 100, kwani hapo inakuwa ngumu bila kukatika. Bati ikizidi, mlio unakuwa mrefu lakini kitu kinapasuka kikianguka sakafuni. Ikipungua, kinavumilia nyundo lakini hakilii. Hapo pana mvutano wote unaouhitaji: silaha inayodumu haina mvumo mrefu, na yenye mvumo mrefu haivumilii vita.

Utaratibu wa karakana, ili tukio lako lisomeke kama la mtu aliyesimama pale:

Shaba inatangulia. Inayeyuka kwa nyuzi 1085, kwa hiyo mivukuto inafanya kazi muda mrefu kabla ya chochote kuonekana. Vipande vya makaa hufunika uso wa shaba ndani ya chungu cha kuyeyushia ili hewa isiile. Bati hutiwa mwisho, kwa sababu likikaa sana motoni sehemu yake huungua ikawa taka inayoelea. Hukorogwa kwa fimbo, taka hukwanguliwa, kisha humiminwa haraka kwenye kalibu, chombo kinachokipa kitu umbo lake, iliyokauka kabisa. Kalibu yenye unyevunyevu ndiyo inayoua: maji hugeuka mvuke kwa mkupuo na kurusha metali iliyoyeyuka usoni. (Hii ni ya kuandikia. Usiijaribu uani.)

Ukitaka shaba ya manjano, ile ya madele ya kahawa na ya misumari ya milango ya Mji Mkongwe, unatia zinki badala ya bati. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, yaani kabla shaba haijayeyuka, kwa hiyo ikitiwa ndani sehemu yake inaondoka kama moshi mweupe mzito. Fundi aliyeuvuta hushikwa na baridi na homa usiku ule ule, kisha hupona baada ya siku moja au mbili. Maweni, shaba ya manjano hutumika milangoni: misumari yenye vichwa vilivyochongoka huvuma mgeni akigusa ubao. Na mafundi milango hawaalikwi harusini siku ya kumimina.

Kosa la vipimo linalotokea zaidi ni dogo na la kawaida, na linafaa kuonyeshwa karibu:

"Fundi, upatu umepasuka."

"Umepasuka umeugonga?"

"Hata sijaugonga. Nilikuwa naupoza."

"Bati ulitia kiasi gani, mwanangu?"

"Robo, kama ulivyosema."

"Robo ya nini?"

Kijana ananyamaza. Robo ya uzito wa shaba ni gramu 25 juu ya 100, jumla 125, na bati inakuwa asilimia 20: upatu mzuri. Robo ya chungu kizima ni asilimia 25, na hiyo hupasuka kama sahani ya udongo. Neno ni moja, vyombo ni viwili. Weka jambo kama hili mapema kwenye hadithi, na baadaye msomaji akisikia mtu anasema "robo" atashituka mwenyewe.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Nguvu isiyo na matumizi ya kuhesabika huharibu hadithi katikati, wakati mhusika anapobanwa na mtunzi anamhurumia. Amua metali inapungua vipi, uandike.

Kanuni ya Maweni: kila mlio wenye nguvu unakula gramu 4 za bati kutoka kwenye upatu. Shaba haiguswi. Upatu mpya wa gramu 400 una shaba gramu 312 na bati gramu 88. Baada ya milio 10 bati imebaki gramu 48 katika 360, kama asilimia 13: sasa una metali ya panga badala ya upatu, na mvumo uliokuwa wa sekunde 20 umekuwa wa sekunde 11. Baada ya milio 20 bati ni gramu 8 tu, mvumo sekunde 4. Mlio wa 22 unamaliza. Kilichobaki ni gramu 312 za shaba tupu inayosema "ta".

Ona kanuni hii inavyofanya kazi bila kusukumwa. Nguvu haikatiki ghafla. Inafupika, na msomaji anaisikia ikifupika. Upatu uliochoka si takataka, unayeyushwa na kutiwa bati upya: gramu 88 ukiwa umekauka, gramu 40 ukiwa umepiga mara kumi. Mwenye mkono tajiri ni yule mwenye bati, wala hahitaji kuwa na kifua kikubwa. Na ukiupima upatu wa mtu kwenye mizani unajua amepiga mara ngapi. Ushahidi wa mahakamani huo.

Kwa fedha, kipimo cha tayari ni reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar karne ya 19 na ambayo huandikwa mwaka 1780 hata ikipigwa miaka mingi baadaye. Ina uzito wa kama gramu 28, na fedha halisi ndani yake ni gramu 23.4 hivi. Ukitaka kiapo kiwe kinakula fedha, anza na namba hizo. Sonara wako wa hadithi atajua kwamba reale moja haikupi gramu 28 za kiapo, na anayemdanganya mteja atajificha kwenye hizo gramu nne na nusu.

Hatua ya 5: Metali inatoka wapi?

Unguja na Pemba hazina machimbo ya shaba wala bati. Chini ni matumbawe, mawe ya chokaa, udongo na mchanga. Metali nyingi ya visiwani ililetwa na bahari. Mtunzi mwengine angeona huo ni upungufu, lakini hakuna mpaka bora wa uchawi kuliko huu.

Bati kwa karne nyingi lilichimbwa kwa wingi rasi ya Malaya, likasafiri Bahari ya Hindi. Vyombo vya Arabuni na India vilishuka kwetu na kaskazi, kuanzia kama Disemba hadi Machi, vikarudi na kusi. Basi chora kalenda ya mwaka mzima ya Maweni na uweke bei mbili. Mwezi wa Februari, bandari imejaa, bati gramu 40 kwa sarafu moja. Mwezi wa Agosti, gramu 10. Vita vinavyoanza Februari na vinavyoanza Agosti ni vita viwili tofauti kabisa. Anayetaka kuwapindua wakubwa wa mji atasubiri mwisho wa kusi, pale kila upatu mjini unapolia sekunde tano.

Chora pia nani anashika njia. Forodha inapima nini? Bati likiingia limefichwa kwenye magunia ya mchele, linajulikanaje? (Likikunjwa linalia, umeshasahau?)

Hatua ya 6: Kagua yanayoharibika

Chuma kinachoyeyuka kama siagi. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538, na tanuri la kizamani la makaa halikufika huko. Kilichotoka ni bonge lenye matundu, likafuliwa kwa nyundo juu ya fuawe mpaka taka zitoke. Mhusika anayemimina panga la chuma kwenye kalibu karakana ya kijijini amekwisha kukuumbua.

Sanduku la dhahabu. Sanduku la upana wa sentimita 40, kina 30 na kimo 30 lina ujazo wa lita 36. Likijazwa dhahabu tupu ni karibu kilo 695. Hata ukijaza sarafu, zikaacha nafasi kati yake, bado ni zaidi ya kilo 400, na vijana wawili hawalinyanyui, wacha kukimbia nalo mchangani. Mpe mwizi mfuko wa kilo tatu: unaingia kwenye kikombe kikubwa cha chai.

Metali mpya mwishoni. Mhusika amebanwa, mara anagundua metali ya nane iliyokuwa imefichwa. Msomaji anafunga kitabu. Suluhisho lazima litoke kwenye metali zilizokwisha tajwa, hasa kwenye ila zake: waya wa shaba unaorudisha, bati linalolia, chuma chekundu.

Majina ya kubabaisha. Usiite metali "Zarkonium". Fuawe, koleo, mivukuto, kalibu, weko, njumu, feleji: maneno haya yana uzito wa kutosha, na wengi hawajayasikia tangu babu zao. Feleji peke yake ni chuma kigumu cha panga na ni jina zuri kuliko lolote utakalobuni.

Hatua ya 7: Wape wajanja wakuvunjie

Andika kanuni zako zote kwenye ukurasa mmoja. Zisipoingia, punguza. Upeleke barazani, umpe mvuvi, umpe mtu wa usonara, na umpe kijana yeyote anayecheza michezo ya simu usiku kucha. Swali ni moja: ungedanganya vipi? Usijitetee, andika tu.

Kijana atasema: napata patu mbili, nazigonga kwa zamu, mvumo haukatiki. Usikimbilie kutunga kanuni ya kukataza. Rudi kwenye daftari: kila upatu una milio 22, mvumo unashuka kutoka sekunde 20 kwenda sifuri, wastani kama 10. Patu mbili ni kama sekunde 440, dakika saba na kidogo, na gramu 176 za bati zimekwenda. Mwache afanye. Dakika saba ni tukio zuri, na Agosti zitamgharimu karibu sarafu 18.

Mvuvi atasema: natupa nyavu yenye machubwi juu yake. Sahihi, na hilo huenda ukalitia kwenye hadithi moja kwa moja.

Mwengine atacheka aseme: bati linaadimika vipi, nang'oa la paa. Hapo neno ndilo linalodanganya. Bati la kuezekea si bati. Ni chuma kilichopakwa zinki. Hata kopo la maziwa ni chuma chenye utando mwembamba mno wa bati. Mruhusu mhusika wako ajaribu. Anang'oa mabati manne ya jikoni kwa mama yake, anayakata, anayatia kwenye chungu juu ya shaba iliyoyeyuka. Unatoka moshi mweupe. Chuma kinabaki kimekaa vilevile, hakiyeyuki. Usiku ana homa, mvua inaingia jikoni, na asubuhi anachokitoa kwenye kalibu akikigonga kinasema "tu".